Niliunga boti ya mama mkwe, na mdomo wangu umefungwa

Admin, jina langu liache, mke wangu anasoma hii page. Mimi ni mwanaume wa miaka 36, Mkenya wa Busia, fundi wa boti hapa Kampala. Mke wangu ni Muganda, tunaishi Nakawa na watoto wawili.

Mwaka jana mama mkwe alinunua boti ya kuvua samaki ziwani. Ilikuwa fupi, na boti fupi zikikamatwa na askari wa ziwa zinachomwa. Akamtuma mke wangu: "Mwambie fundi wetu airefushe." Nikaikata katikati, nikaongeza futi sita, nikaziba maungio kwa pamba na bati, nikapaka rangi. Nilijua ni ujinga, lakini mkwe akituma unakataaje?

Sasa maungio yamelegea. Wimbi likipiga, maji yanaingia chini ya mbao za kukanyagia na hakuna anayeyaona mpaka boti imekuwa nzito. Wakivuta nyavu ikainama, maji yote yanakimbilia upande huo huo, na haitainuka. Nahodha ni shemeji yangu, mdogo wa mke wangu. Nimemwambia, akacheka: "Si uliiunga wewe? Sisi tunakuamini."

Kwa mila za huku, na hata kwetu, mwanaume haongei na mama mkwe uso kwa uso. Basi nimemtuma mke wangu mara tatu: mwambie mama boti isitoke. Jibu ni lile lile, "Mama anashukuru." Juzi shemeji akaniuliza, "Rangi utarudia lini? Mama anasema ndiyo habari uliyotuma." Kumbe mke wangu alikuwa anapeleka habari ya rangi! Nilipombana akalia. "Mama aliuza kiwanja chake kwa hiyo boti. Akijua umeiharibu wewe, ataniambia nikuache." Nilimkasirikia, na bado nampenda.

Jana nikaenda mwenyewe kwa wakwe, Bukoto. Mama mkwe aliponiona getini akajifunika uso kwa leso, akaingia ndani na kufunga mlango. Nikasimama nje kama mwizi. "Mama, ile boti..." Akanikata kwa upole kabisa: "Mkwe wangu, unanivunjia heshima. Kama kuna jambo, mtume mke wako." Nikaendelea kusema, redio ikaongezwa sauti.

Nikiripoti, boti inachomwa, mimi nafungwa na ndoa imekwisha. Nikinyamaza, keshokutwa watu wanne wanapanda kitu nilichokiunga kwa mikono yangu. Barafu ya samaki wameshaagiza. Ndugu zangu, nishaurini nifanye nini, ila tafadhali msiniambie nimtume mke wangu.