Usukani wa Kinyume

Mama yangu hapandi bodaboda. Anasema wale vijana wana haraka ya kufa, na yeye hana. Mguu wake mmoja umevimba miaka mingi, hawezi kutembea mbali, kwa hiyo kliniki ya presha na kanisani nampeleka mimi, kwenye keria ya baiskeli yangu, pembeni ya lami, malori yaendayo Isaka yakitupita kwa kishindo mpaka kanga yake inapepea. Nikishindwa mimi, mama anakaa ndani. Ndiyo maana siku wenzangu wa kikundi cha ngoma waliponiita kujaribu baiskeli moja ya ajabu, nilisita.

Kwetu mavuno yakiisha, vikundi vya ngoma hushindana. Viwili vinasimama uwanja mmoja, kila kimoja upande wake, vinapiga kwa wakati mmoja. Hakuna jaji. Watu wakikukimbilia umeshinda, wakikuacha utabaki kuwapigia mbuzi ngoma. Mwaka uliotangulia wapinzani wetu walileta chatu aliyevishwa shanga, na sisi tukabaki na akina mama wachache ambao nadhani walichoka tu kusimama kule kwenye msongamano. Manju wetu, yaani mtunzi wa nyimbo na mkubwa wa kikundi, aliumia sana. Akaenda Nyahanga kwa fundi wa kuchomelea anayetengeneza makarasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu, akarudi na baiskeli. Kwenye shingo ya usukani fundi alikuwa amefunga vyuma viwili vya meno vinavyoumana. Ukikata kushoto, tairi linakwenda kulia. Ukikata kulia, linakwenda kushoto.

Mpango ulikuwa tuwaite watazamaji wajaribu, waanguke, watu wacheke, halafu mtu wetu apande na ngoma kichwani, apite kama hakuna kitu. Huyo mtu wetu nikawa mimi. "Wewe umezaliwa juu ya baiskeli," manju aliniambia. Kusifiwa kubaya, jamani!

Siku ya kwanza sikufika popote. Unajua kabisa, unajiambia geuza huku iende kule, lakini mikono haisikii. Nilianguka mpaka wapiga ngoma wakachoka kucheka. Goti, kiwiko, kidevu, vyote vilichunika. Kila jioni nikitoka shamba nilirudi kuipanda tena. Halafu jioni moja, sijui ilikuwaje, ikakubali. Nikazunguka uwanja mzima, nikapiga kelele kama mwendawazimu. Nilifurahi, sitaki kusema uongo.

Asubuhi yake nikachukua baiskeli yangu kwenda kisimani. Loo! Sijatoka hata uani, niko ndani ya minyaa ya uzio, madumu kule, mimi huku. Nikainuka, nikajaribu tena. Usukani ulikuwa uleule wa siku zote, ila mikono yangu ilikuwa inauvuta kinyume. Baiskeli yangu mwenyewe! Na Jumapili ilikuwa karibu, mama alikuwa ameshafua kitenge chake cha kanisani.

Nikakimbilia kwa manju. Hakushangaa hata kidogo. "Wale wamekutupia kitu," alisema. Huku kwetu kikundi cha ngoma hakiendi uwanjani bila dawa, ya kuvuta watu na ya kuwavuruga wenzako. Kwa hiyo kwetu sote jambo lilikuwa wazi: wapinzani wamesikia habari za baiskeli, wameniroga mikono. Manju akanipaka unga mweusi viganjani, akaniamuru niiendeshe ile ya kinyume asubuhi na jioni, mpaka uchawi wao uchoke wenyewe. Nami nikatii! Kadiri nilivyoiendesha ya manju, ndivyo yangu ilivyozidi kunikataa. Ilivyozidi kunikataa, ndivyo nilivyozidi kuamini nimerogwa. Nikaongeza bidii. Ukinicheka una haki.

Jumapili ikafika. Mama alikuwa amekaa kizingitini, amevaa, anangoja.

"Mama, leo tupumzike," nikasema.

"Unaumwa?"

"Hapana."

"Basi twende, mwanangu, tunachelewa."

Ningemwambiaje mama yangu muumini kwamba nina dawa viganjani? Nikaondoka polepole, naisemesha mikono kwa sauti ya chini, kushoto ni kushoto, kulia ni kulia. "Umeshaanza kusali huko mbele?" mama akanitania. Tukafika kwenye lami salama. Nikaanza kupumua. Hapo honi ikalia nyuma yetu.

Nilitaka kutoka kushoto, kwenye vumbi. Baiskeli ikaingia kulia, katikati ya barabara. Sikuliona lori, niliona matairi tu. Breki zikapiga yowe, na mimi na mama tukawa chini. Mpaka leo sijui yule dereva alifanya nini likasimama pale liliposimama.

Mama alichubuka kiganja, basi. Dereva akashuka, akanitukana matusi yote anayoyajua. Mama, akiwa bado amekaa chini kwenye lami, akamwambia, "Mwache, baba. Ni mimi nilijitikisa huku nyuma, nikamyumbisha." Niliona aibu mpaka nikatamani yale matusi yaendelee. Tulirudi nyumbani nikiikokota baiskeli na yeye juu ya keria, nikamweleza yote, baiskeli ya manju na dawa pia. Alisikiliza, akasema pole.

Siku hiyohiyo nikairudisha ile baiskeli. Manju akasema nimewauza. Mashindano sikwenda, ngoma nilizisikia kwa mbali, nikiwa kwenye shamba la pamba lililokwishavunwa, najifunza baiskeli upya kama mtoto. Mikono ilirudi taratibu, ikateleza, ikarudi tena. Nikapita katikati ya visiki. Nikafunga gunia la mahindi kwenye keria, nikapita tena. Nikamwomba jirani anipigie kelele kwa nyuma ghafla, na mikono haikukosea. Naapa haikukosea.

Nikamwambia mama nimepona. "Namshukuru Mungu," akasema, akapanda bila kuuliza chochote. Tulikwenda vizuri, tena akawa anaimba wimbo wa kwaya, na mimi nikajisikia mtu tena. Tulipoingia kwenye lami nikasikia lori linakuja nyuma, bado liko mbali. Mama akanyamaza. Ghafla baiskeli ikawa nyepesi. Kugeuka, ameshashuka, na mguu wake huohuo uliovimba, amesimama kwenye majani mbali na barabara, anatabasamu ili nisijisikie vibaya.

"Tangulia, mwanangu," akasema. "Likishapita nitapanda."