Siku Niliyoipiga Kofi Gemu ya Kamau

Aibu hii nimeificha miaka mingi, na hadi leo nikikaribia hoteli ya Mama Atieno huwa navuka barabara, lakini kwa vile mmeapa hamtacheka (nawajua, mtacheka), wacha niseme.

Kamau alikuwa fundi wa redio hapa Eldoret, jirani yangu kwenye ploti, na siku hizo kompyuta tulikuwa tunazisikia tu. Yeye aliletewa moja ndogo na binamu yake aliyesoma ng'ambo, akaiunganisha na televisheni, akakaa miezi minane akitengeneza gemu yake mwenyewe, peke yake, ya kuendesha lori ya mahindi kutoka Eldoret hadi Nakuru. Akaniachia ufunguo wa duka lake wiki nzima nicheze nimpe maoni, kwa sababu mimi ni mwalimu na walimu (alidhani) husema ukweli.

Nikacheza. Kila siku niligonga ng'ombe wanaovuka barabara pale Cheptiret, mwanzoni tu mwa safari, na lori ikarudishwa Eldoret. Sikuwapita hata mara moja, lakini utamwambiaje hivyo mtu anayekungoja mlangoni na kikombe cha chai? Nikasema nimeimaliza, ni tamu mpaka mwisho.

"Hata pale inapobadilika?"

"Hapo ndio penyewe," nikajibu, na moyoni nikabaki najiuliza, inabadilika kuwa nini?

Kamau akafurahi, akaenda kwa Mama Atieno, aliyekuwa anafikiria kumpa kona ya hoteli awe anachezesha wateja, akamwahidi kwamba Jumamosi mwalimu mwenyewe ataonyesha. Ningekataa hapo hapo. Sikukataa.

Jumamosi hoteli ikajaa, nikashika kijiti cha kuendeshea lori, na sijui ni bahati gani, siku hiyo ng'ombe wote wakanipisha. Nikapanda mlima mpaka Timboroa nikitabasamu. Mara ukungu ukafunika kioo, na ulipotoka hakukuwa na lori wala barabara, kulikuwa na magunia yametapakaa na mtu mdogo amesimama katikati. Nikaendelea kusukuma kijiti kama dereva, yule mtu akawa anagonga ukuta tu, watu wakaanza kunong'ona, nami nikatangaza kwa sauti ya darasani kwamba picha imeharibika, nikaipiga televisheni kofi la ubavuni kama tunavyozipiga zote nyumbani.

Waya wa umeme wa kompyuta ukachomoka na gemu yote ikafutika. Kuirudisha kutoka kwa kaseti alikoihifadhi kulitaka karibu nusu saa, na kaseti yenyewe inapiga kelele ya kuumiza meno. Mama Atieno akaweka birika chini.

"Mwalimu, kama wewe uliyemaliza hujui, wateja wangu watajuaje?"

Watu wakacheka mpaka chai ikamwagika, na kwenye ile kona Mama Atieno akasema ataweka friji ya soda.

Kamau hakucheka. Alikunja waya zake polepole, akaniuliza kwa kweli nilikuwa naishia wapi. Nikamwambia Cheptiret, kila siku.

"Ungeniambia tu," akasema. "Ningepunguza ng'ombe."

Hiyo iliniuma kuliko kicheko chote. Lakini bado nilitaka kujua, nikamwuliza, pamoja na aibu yangu, yule mtu mdogo alitakiwa kufanya nini na magunia. Akafungua mkoba, akatoa kaseti ili aipakie gemu tena.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza maoni juu ya kazi yake, naanza kwa kumwambia nilipoishia.