Naenda Narudi

Kwetu mtu haondoki kimyakimya. Hata ukienda kumwaga takataka, unaaga: "Naenda narudi." Tabia hiyo nilifika nayo Riyadh, katika nyumba nilikoajiriwa kumtunza mama mzazi wa bosi, mkongwe mwenye magoti mabovu na ulimi mkali.

Mwanzoni alidhani namsomea dua. Nilipomweleza maana yake, akalipenda lile neno la pili, akawa hatulii asipolisikia. Nikienda kuepua chai, sharti niseme narudi. Nikienda msalani, narudi. Nikisahau, anagonga sakafu kwa fimbo mpaka nirudi kumwambia kwamba narudi. Nilikereka wiki ya kwanza, kisha nikawa nacheka.

Baadaye madam, mke wa bosi, alinieleza sababu. Wasichana wawili kabla yangu walienda likizo, wakaapa watarudi, wakapotelea huko huko. Ndiyo maana nilipomaliza miaka miwili, bosi alinipa viza ya kutoka na kurudi ndani ya siku sitini, tiketi ya kupitia Jeddah, na onyo refu. Nami nilikuwa nimeshaamua. Mwanangu alikuwa na miaka minne na alimwita dada yangu mama. Sirudi ng'o. Lakini bosi akijua, safari yangu imekwisha kabla ya kuanza.

Asubuhi ya safari nilimwinamia mama wa bosi nikambusu kichwani. Nikasema, "Naenda."

Akangoja. Neno nililolisema mara arobaini kwa siku likakataa kutoka. Ningeweza kumdanganya bosi bila kupepesa jicho, ila yeye sikumweza. Nikapiga magoti, nikamweleza yote kwa Kiarabu changu cha jikoni: mtoto, miaka minne, anamwita mwingine mama.

Akakunja uso. Nikajua nimejiponza kwa mdomo wangu mwenyewe. Papo hapo bosi akaingia na funguo za gari, akauliza kulikoni, mbona nalia.

"Analia kwa sababu ananiacha siku sitini," mama akamjibu kwa Kiarabu, bila kunitazama. "Ameniambia atarudi. Yalla, mpeleke, ndege haimngoji."

Njia nzima hadi uwanja wa ndege bosi alikuwa akiniliwaza. Siku sitini si nyingi, alisema, na mama yake ni mvumilivu, atanisubiri. Nikamwitikia kila mara kwa kichwa, nikilia na kucheka ndani ya mtandio.