Trei Nzito

Kila asubuhi mama mkwe hunyanyua trei za miche ya nyanya dirishani, akazipima uzito kwa viganja, akanusa udongo, kisha akamkazia macho mke wa mwanawe. "Nani kazimwagilia tena? Mashina yanaoza!" Mkamwana huapa si yeye, naye mama mkwe hunung'unika: "Kikulacho ki nguoni mwako." Juzi wote wawili walimfuma baba mkwe, ambaye siku hizi husahau hata kama amekula, akimimina kikombe cha tatu cha maji kwenye trei. "Zina kiu," akasema. Mama mkwe alipasha msumari moto, akaongeza matundu chini ya kila trei ili maji ya ziada yatoke. Kesho yake, mumewe akiwa hapo hapo akisikia, akauliza kwa ukali ule ule: "Nani kazimwagilia?"

"Mimi, mama," akajibu mkamwana. "Nisamehe."