Ng'ombe wa Digrii

Siku wazee wa upande wa mchumba wangu walipokuja kwetu Munyaka kuzungumzia mahari, nilitakiwa kukaa jikoni hadi niitwe. Kati ya jikoni na sebule kulikuwa na pazia tu, kwa hivyo nilisikia kila kitu, hata mzee mmoja akinong'ona kwamba Eldoret ni baridi kuliko alivyoambiwa. Walikuwa wametoka kule ziwani alfajiri. Sisi ni wa hapa hapa Uasin Gishu, na msemaji wetu alikuwa mjomba wangu, mkulima wa mahindi mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya shamba.

Idadi ya ng'ombe ilikubaliwa haraka sana, mjomba akaanza kushuku kwamba amenitoa kwa bei ya chini. Akawakumbusha wageni kwamba mimi si msichana wa kidato cha nne, nina digrii ya hospitali. Baba, mwalimu mstaafu asiyeweza kuacha kosa lipite, akamsahihisha kwamba ni digrii ya usimamizi wa huduma za afya. Mjomba akasema hiyo ndiyo kubwa zaidi, maana anayesimamia yuko juu ya daktari. Akaomba digrii iongezewe ng'ombe wawili wa gredi, wale wa kizungu wenye maziwa mengi.

Upande wa pili alizungumza baba mdogo wa mchumba wangu, aliyekuwa mhasibu wa chama cha ushirika kabla ya kustaafu. Alikuwa amejikunja ndani ya koti zito. Aliisifu elimu kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa upole nilisoma kwa pesa ya nani.

Baba hajui kudanganya. Alikohoa, akasema yeye alilipa kiasi, lakini sehemu kubwa ilikuwa mkopo wa serikali, na bado ninaulipa.

"Basi, Mzee," yule mhasibu akasema, "hao ng'ombe wa digrii si tuwapeleke kwa serikali?"

Nilicheka hadi shangazi, dada ya baba, akanifinya mkono. Yeye hakuona la kuchekesha.

Mjomba hakukubali kushindwa. Alisema mshahara wangu utalimaliza hilo deni kabla mtoto wa kwanza hajatambaa, na akaamuru niitwe nijieleze. Wiki nzima nilikuwa nimefundishwa kuingia polepole, macho chini, nisalimie na nirudi jikoni. Sasa nikasimama mbele ya wakwe nikiulizwa ninapata pesa ngapi. Nilikuwa nimeajiriwa kwenye kliniki moja mjini, ninashughulikia bili za bima na kuhakikisha madaktari hawakosi glavu. Nikataja mshahara.

Mjomba akainama mbele. "Hiyo ni ya wiki?"

"Ni ya mwezi, mjomba."

"Wakishakukata?"

"Kabla."

Mama mmoja wa upande wao akaniuliza kwa huruma kama angalau pale kliniki wananipa chakula cha mchana. Nikaeleza kwamba kwanza ninakatwa kodi, halafu bima, halafu mkopo, na kinachobaki ndicho changu. Nikiwa shule ya upili, mwalimu alituambia tusomee mambo ya hospitali kwa sababu hospitali hazifungwi. Kweli hazifungwi. Alichosahau kusema ni kwamba zinahitaji manesi wengi na meneja mmoja, na huyo meneja hana haraka ya kustaafu.

Hapo ndipo shangazi alipotoka jikoni na thamosi ya chai. Alimmiminia yule mhasibu kikombe, akahakikisha sukari imetosha, kisha akamuuliza, "Na kijana wenu, yeye alisoma kwa pesa ya nani?"

Mchumba wangu, mwalimu wa sekondari, aliyekuwa ameketi nyuma ya wazee wake, akaangalia dari. Alikuwa ameniambia zamani kwamba ana mkopo kidogo tu. Sasa alilazimika kusema mbele ya watu wote kwamba miaka ile aliyokaa bila kazi akiuza viatu vya mtumba hakulipa chochote, faini zikapanda, na deni lake likawa kubwa kuliko langu. Yule mhasibu alikuwa anasikia kwa mara ya kwanza, kama mimi. Alivua koti.

Baada ya hapo hakuna aliyetaja digrii tena. Ng'ombe wa gredi wakafutwa, mjomba akageukia sahani ya nyama, na mahari ikabaki ile ile ambayo wangenitolea kama ningeishia kidato cha nne.

Jioni, wageni wakiagana na wazazi, nilimvuta mchumba wangu nyuma ya tangi la maji nikamuuliza kwa nini alinificha lile deni.

"Niliogopa ungepiga hesabu," akasema.

Nilikuwa na hasira kweli, na nilimnunia wiki mbili. Lakini nilipopiga hiyo hesabu niliona kwamba hata mimi mwenyewe, kwa hesabu hiyo, nisingeolewa na mtu yeyote.

Tunaishi mtaa wa Pioneer sasa. Nilipandishwa cheo kidogo, na mkopo wangu ukaisha mwaka jana. Mume wangu, ambaye bado anakatwa, aliniletea keki kutoka mjini, tukala na majirani. Mwezi uliofuata nilisubiri payslip, ile karatasi ya mshahara, kwa hamu kama matokeo ya mtihani. Pesa zilikuwa zimeongezeka kweli. Nilizifurahia siku nne, ndipo mwenye nyumba akapita kutujulisha kwamba kodi imepanda.