Rangi ya Chungwa, Maandishi ya Kijani

Ukurasa wa kwanza wa ushirika wetu wa samaki uliingia kwenye mtandao ukiwa na rangi ya chungwa na maandishi ya kijani kibichi, na pale Nchelenge, mji wetu wa ziwani mpakani na Kongo, hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuona huo mtandao.

Nirudi nyuma kidogo. Wafadhili walitupa kompyuta na programu ya kutengeneza kurasa. Simu ya kuiunganisha haikuwepo. Sisi tulitengeneza kurasa, tukazitia kwenye disketi, na dereva wa basi akaifikisha Lusaka kwa mpwa wa mwenyekiti, ambaye alijua namna ya kuzipandisha. Kurasa za Kiingereza zilikuwa zangu, mimi karani. Za Kifaransa zilikuwa za mama mmoja mfanyabiashara kutoka upande wa Pweto, ng'ambo ya ziwa, aliyekuwa akituandikia barua za wanunuzi wa Kongo. Yeye alikaa kwenye mashine asubuhi, mimi mchana.

Siku tuliyogundua sehemu ya mapendeleo, ambapo mtu huiambia programu anavyotaka ionekane, hatukufanya kazi nyingine. Nilimtafsiria maneno, yeye akabonyeza. Vitufe vilihama kutoka juu kwenda kushoto, vikashuka chini, vikarudi. Herufi zilinenepa. Tuligundua kwamba unaweza kuiamuru programu kila ukurasa mpya uzaliwe na rangi unayotaka, na hapo mama akaacha kucheka.

"Kumbe unaweza kuchagua hata rangi?"

"Yoyote, mama."

Akachagua chungwa, kisha kijani juu yake. Ilikuwa rangi ya kitenge. Yeye na dada yake mkubwa walikivaa sare siku ya harusi ya mama mwenyewe huko Pweto. Mvua ikawanyeshea, kitenge kikachuja rangi, na wageni wote waliovaa kile kitambaa wakacheza na miguu ya kijani mpaka mwisho. Baadaye dada alikwenda Ulaya. Barua zilianza kurudi zikiwa hazijafunguliwa, halafu vita vikaja na hata zile za kurudi zikakoma. Mama alikuwa amesikia kwamba watu waliohamia kule huandika jina la mji wao kwenye kompyuta ili waone kama kuna kitu.

"Dada yangu hatasoma bei ya samaki," aliniambia. "Lakini ataona ile rangi. Atasimama tu."

Mimi nilitaka ukurasa mweupe, maandishi meusi, vitufe juu. Mashine haikujua kwamba ina watu wawili. Kwa hiyo tukafuata adabu ya wavuvi wa Kabuta: ukishuka kwenye mtumbwi wa kuazima, unautoa maji, unaweka kafi upande wa mkono wa anayefuata. Kila jioni, kabla jenereta haijazimwa, nilimwekea mama chungwa na kijani chake, na vitufe kushoto. Kila adhuhuri aliniwekea weupe wangu. Nilikuwa nikikaa na kukuta kila kitu mahali pake, nikacheka peke yangu kama mtu aliyetandikiwa kitanda.

"Hii mashine iko na bibi mbili," mwenyekiti alisema. "Na hawagombani. Sijapata kuona."

Suala la ukurasa wa mbele, ule wa kupokea wageni, yeye ndiye aliyeliamua. Mama aliomba uwe chungwa. Mwenyekiti akatikisa kichwa, akimwita kwa heshima ya kwao. "Samaki hawavai kitenge, ba mama. Mweupe." Mama alisema sawa, na siku nzima hakunitania.

Nikapewa kuutengeneza mimi, siku ya mwisho, kwa sababu basi lilikuwa linaondoka jioni ile. Asubuhi hiyo boti lenye mzigo wa mama lilikuwa limefika kutoka Kilwa ya Kongo, naye aliondoka mbio. Nilikaa, nikakuta weupe, herufi nyeusi. Nikaandika, nikaweka picha ya mwenyekiti na chini yake kisanduku ambamo mgeni angeacha salamu. Nikahifadhi kwenye disketi, nikamkimbizia dereva.

Kisha mpwa akapiga simu ya boma, ofisi ya wilaya. Mwenyekiti alirudi ofisini akitembea polepole.

"Karani. Kwa nini uso wangu uko katikati ya chungwa?"

Niliapa kwamba ulikuwa mweupe. Tukaiwasha mashine, ukurasa ukatokea mweupe, nikashukuru Mungu. Mama akainama, akaondoa alama kwenye kisanduku kimoja kidogo cha mapendeleo, na mwenyekiti akageuka chungwa mbele ya macho yetu. Siku ile, kwa haraka ya boti, badala ya kubadilisha rangi moja moja, mama alikuwa ameweka alama mahali panaposema: nionyeshe kila kitu kwa rangi zangu, hata kama ukurasa una rangi nyingine. Ukurasa wenyewe ulikuwa umezaliwa chungwa.

"Miye nilikutengenezea macho yako, karani," alisema, akiutaja ukurasa kwa neno lake la Kifaransa. "Paji sikuigusa."

Mwenyekiti aliusogelea uso wake katikati ya chungwa. Kisha tumbo la mwenyekiti likaanza kutikisika, na tukacheka wote watatu mpaka wanawake waliokuwa wakianika samaki nje wakaja kuchungulia dirishani. Kuutuma upya kungehitaji dizeli nyingine na safari nyingine ya basi. Ukabaki.

Mpwa alipiga simu tena majira ya mvua. Mtu alikuwa ameacha salamu kwenye kile kisanduku, kwa Kiswahili cha kule kwao mama, bila jina wala anwani. Aliuliza neno moja tu: ile miguu ilitakata?

Mama alikaa chini sakafuni akicheka huku akifuta macho kwa ncha ya kitenge. Tuliandika jibu palepale, kwenye ukurasa mpya wa chungwa, nikampelekea dereva disketi mwenyewe. Jibu halijarudi. Nilimuuliza mama kama ana hakika ni dada yake. Akasema harusini walikuwa wengi waliovaa kile kitambaa, na mvua iliwanyeshea wote.