Mbwa Aliyeachishwa Kazi

Nimezaliwa Tanga, nikalelewa na bibi ambaye mbwa akikatiza barazani, baraza zima linapigwa deki. Kwa hiyo nilipofika Diepsloot, mtaa wa vibanda pembeni mwa Johannesburg, na kukuta chumba nilichopangishwa kinatazamana na chumba cha Mrundi mwenye mbwa, nilitaka kubeba mabegi yangu nirudi nilikotoka. Sikurudi. Kodi ilikuwa ya kuvumilika, bomba la maji lilikuwa palepale uani, na getini palikuwa pazuri pa kukaangia sambusa zangu za kuuza. Nikamwambia yule Mrundi siku ya kwanza, hata sijamsalimia vizuri: "Jirani, mbwa wako asinisogelee mimi, wala asisogelee ndoo yangu. Tukielewana hapo, tumeelewana kote."

Akacheka. "Dada, iyi imbwa haina shida na mtu. Shida yake ni sungura tu."

Mbwa mwenyewe alikuwa jike, rangi ya vumbi, mrefu wa miguu, kifua kipana na kiuno cha nyigu. Mbavu zote unazihesabu. Nilidhani hapewi chakula, nikamsema jirani yangu mpaka povu likanitoka. Kumbe ndivyo walivyo mbwa wa mbio, mafuta ni adui yao, na huyo anakula kuliko bwana wake. Siku za kazi jirani yangu alikuwa anakata majani na kumwagilia maua kwenye nyumba za matajiri huko Sandton. Jumapili, badala ya kwenda kanisani, alikwenda kuwinda. Nikimwambia Mungu atakuuliza, ananijibu kwamba Mungu huyohuyo ndiye aliyewaumba sungura.

Ukishapita vibanda vya mwisho vya mtaa wetu palikuwa na mashamba ya wazungu, majani matupu mpaka macho yanachoka. Wakati wa baridi majani yale hukauka yakawa ya manjano, na sungura wa porini hulala humo. Wanaume wa mtaani walikuwa na desturi yao. Kwanza wanapita kwa mwenye shamba kuomba ruhusa. Kisha wanatembea mstari mmoja, wameachana, kila mtu kamshika mbwa wake, na sungura akikurupuka anaachiwa mbwa mmoja au wawili, si wote. Jirani yangu akajiunga nao, lakini alikuja na yake ya kwao. Alimfunga yule jike kengele ya mti shingoni, aliyoichonga kwa mkono wake, kwa sababu kwao milimani vichaka vimeshonana, mbwa humwoni, unamsikia tu. Wenziwe walimcheka mpaka wakakaa chini. Hapa peupe, mbwa unamwona mpaka anakuwa nukta, kengele ya nini? Hakuivua. Alisema babu yake hakuachia mbwa bila kengele hata siku moja, sasa yeye ni nani.

Kilichotugombanisha kwanza ni nyama. Jumapili moja akaniletea paja la sungura kwenye sahani. Nikamwambia toa hapa, nyama ya mdomoni mwa mbwa, astaghfirullah! Lakini harufu yake ilikuwa imeshanifikia, na siku hizo hata sambusa zangu zilikuwa za viazi. Nikampigia simu ami yangu Tanga, anayefundisha madrasa. Akanieleza taratibu kuwa windo la mbwa aliyefundishwa ni halali, akiachiwa kwa jina la Mungu, na Mkristo ni mtu wa Kitabu, hana neno. Ila mbwa awe anamkamatia bwana wake. Akionja tu, amejiwindia mwenyewe, usile. "Na palipoumwa paoshwe vizuri," akasema. "Muulize jirani yako, mbwa wake anaonja?"

Nikamuuliza. Loo! Sijawahi kumwona amekasirika vile. Mbwa wake aonje? Yule akikamata sungura anamlaza chini, anakaa kando yake, anasubiri mpaka bwana afike, hata ikichukua muda gani. Nikamwomba radhi. Tukakubaliana kwamba akimwachia mbwa ataje jina la Mungu, tena kwa sauti, na mimi nikaanza kula sungura wa Jumapili kwa mchuzi wa nazi ya kopo. Walikuwa watamu, nisiseme uongo. Wenziwe wakapata la kumtania, wakasema huyu Mrundi hawindi mpaka aendeshe misa.

Mwaka uliofuata lile Kombe la Dunia la hapa Afrika Kusini mambo yakaharibika. Walizuka watu wengine, si wa mtaani kwetu, wanakuja na magari yao, wanafungulia mbwa kundi zima kwa mpigo na kuwekeana dau mbwa wa nani atatangulia. Walikata nyaya za uzio. Waliua swala wadogo wakawaacha palepale wanaoza, maana hawakuja kutafuta nyama. Wenye mashamba wakachoka, wakaenda polisi, na mabango yakasimamishwa: ni marufuku kuwinda na mbwa, haombi mtu wala hapewi mtu ruhusa, mbwa atakayeonekana atapigwa risasi. Siwalaumu. Wangekuwa swala wangu, ningefanya vibaya zaidi. Lakini samaki mmoja akioza, wote wameoza, na marufuku ile haikuuliza nani alikuwa akibisha hodi na nani alikata waya.

Wenziwe wakaacha. Jirani yangu, kichwa kigumu, akaenda mara moja zaidi, peke yake. Na kengele! Ya Rabi, mtu unakwenda kwa kujificha, halafu unamfunga mbwa kengele? Mlinzi wa shamba wala hakuhangaika kutafuta, alifuata sauti tu. Akamkuta jirani yangu kapiga magoti, anamtoa mbwa mwiba. Alimwelekezea mbwa bunduki, kisha, sijui alifikiri nini, akaishusha. Akamwambia leo nakuacha, nikikusikia tena mbwa anakufa hapohapo na wewe unakwenda kituoni. Jirani yangu alikuwa anaishi kwa karatasi ya ukimbizi, kila baada ya miezi kadhaa anakwenda kupanga foleni aongezewe muda. Kesi moja tu, na karatasi ile ingefaa kufungia sambusa zangu.

Aliporudi alikaa kizingitini kwake. Nilimfokea mpaka nikachoka mwenyewe, nikaenda kumpikia chai.

"Ile kengele ulimfunga ya nini, wewe? Si walikwambia?"

"Dada, bila kengele si kuwinda," akasema. "Ni kuiba."

Nikamwongezea sukari.

Tangu siku hiyo mbwa akawa hana kazi. Binadamu akiachishwa kazi anajua kwa nini, atalaumu bosi, atalaumu serikali. Mbwa hajui. Jumapili aliamka kabla ya bwana wake, akasimama mlangoni anatetemeka kwa hamu. Alitembezwa kwa kamba mpaka barabara kuu na kurudi, na akirudi anasimama tena palepale mlangoni, kana kwamba bado hawajatoka. Alichimba mashimo uani, aliguguna mlango, alilia mchana kutwa. Bwana yuko Sandton na maua ya watu, ninayesikiliza kilio ni mimi. Nikaanza kuzungumza naye kwa mbali. "Tulia basi, hata mimi leo sijauza." Alikuwa ananyamaza, ananitazama, kisha anaanza tena.

Siku moja alikata kamba, akaruka ukuta, akamkamata kuku wa mama mwenye nyumba. Hakumla. Alimleta akamlaza mbele ya mlango wa jirani yangu, akakaa kando yake, masikio yamesimama, anasubiri. Mama mwenye nyumba alipiga kelele, alimtupia ndala, watoto wa mtaa wakajaa getini kutazama. Mbwa hakusogea. Alikaa hivyo mpaka bwana wake aliporudi jioni. Nilijua anachotuambia, kwamba kazi bado anaiweza. Nililia. Mimi, mjukuu wa bibi yule, nilimlilia mbwa.

Mama mwenye nyumba hakuwa mtu mbaya. "Eish," akamwambia jirani yangu, "mashimo nimevumilia, kelele nimevumilia. Kuku sivumilii. Jumapili isimkute hapa, la sivyo mtoke nyote wawili."

Jirani yangu hakubishana. Usiku ule hakula. Kumwachia mbwa ajitafutie ni kumpeleka kwenye risasi. Kumpeleka kwa watu wanaohifadhi mbwa waliotupwa, mwisho wake tuliujua, nani atakuja kuchukua mbwa kama yule? Angechomwa sindano. Akaniambia afadhali sindano kuliko kamba ya maisha. Nikamwambia nyamaza, hujafika huko, washa simu yako tuwatafute wenzio.

Mmoja wao alikuwa amehamia hosteli ya wanaume huko mjini, Jeppestown. Ni Mzulu, na nyumbani kwao, mbali huko mashambani, wanaume walikuwa bado wanakwenda kuwinda sungura kwa idhini ya chifu wao. Aliwahi kumwona yule jike akikimbia. Hakutaka kubembelezwa. Alisema Jumamosi anakwenda kwao, atampitia.

Jumamosi asubuhi jirani yangu alikuwa amejiandaa. Alitayarisha kamba mbili, na gunia la kumfunika asione njia, na kipande cha ini la kumdanganyia. Aliniomba nisimame karibu, kama mbwa atagoma nimsaidie kusukuma. Nikamwambia nitasukuma. Sikujali tena kitu, ndoo wala nguo.

Pikapu iliposimama getini, mbwa akanusa, akamtambua yule mtu, na nyuma ya pikapu akasikia harufu ya mbwa wengine waliopanda humo. Ooh, mbona aliruka! Hakushikwa, hakusukumwa, aliruka mwenyewe mara moja akaingia, mkia unampiga mbavuni, analia kwa furaha. Alielewa kwamba kazi imerudi. Jirani yangu akabaki na kamba zake mkononi. Kwa mbwa kugoma alijiandaa. Kwa hili hakujiandaa.

Kisha yule jike akasogea. Akajibana upande mmoja kwenye bodi, akaacha nafasi ya mtu kukaa, akamtazama bwana wake apande.

Jirani yangu akazikunja zile kamba, akazikunjua, akazikunja tena. Nikaipiga bodi kwa kiganja mimi, pikapu ikaondoka. Yule jike alikuwa bado kajibana upande ule, anatutazama, nafasi ameiacha, mpaka walipokata kona ya duka la spaza.